Mrithi wa Pasi Namba Mbili

Ijumaa, tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa kike mwenye umri wa miaka minne na siku kumi na moja alishikwa mkono wa kulia, kidole gumba chake kikakandamizwa kwenye wino wa muhuri, kisha kwenye ukurasa wa 41 wa Daftari la Warithi wa idara ya ufuaji ya hospitali kubwa ya umma. Alama yenyewe haizidi ukubwa wa punje ya harage. Juu yake pamechapwa maneno haya: "Mimi mrithi nimekubali kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu yeyote." Chini yake kuna saini ya baba yake, fundi wa boila, na saini ya shahidi mmoja.

Mtoto huyo sasa ana miaka arobaini na minane na ni mpiga pasi wa hospitali hiyohiyo. Wenzake humwita Nyoosha, kwa sababu haachi shuka ipite na kunjo wala mtu apite na neno lililopinda. Alama ya kidole chake aliiona kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 5 Juni mwaka huu, akiwa amesimama mbele ya kaunta ya masjala. Alikuwa amekwenda kuthibitisha tarehe yake ya kuajiriwa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kifundo cha mkono wake wa kulia hakitapona akiendelea na kazi, naye alikuwa amechukua fomu ya kustaafu kwa sababu za kiafya.

"Hii hapa," karani wa masjala alisema, akimgeuzia daftari. "Umeingia kama mrithi."

"Mrithi wa nani? Mimi niliomba kazi."

"Mama, kidole hakiongopi."

Utaratibu wa daftari hilo haukuletwa na wakubwa. Uliombwa na wafanyakazi wenyewe. Kila mwajiriwa wa kudumu huandika mtoto mmoja, na siku akistaafu au kufariki, nafasi yake, au nyingine ya idara, huenda kwa mtoto huyo bila kutangazwa. Uongozi uliweka sharti moja tu: mrithi awe amekubali mwenyewe. Wafanyakazi, kwa hofu ya kuchelewa, waliwahi kuwaleta watoto wangali wadogo. Wapo walioletwa mgongoni. Kukubali kukawa ni kutia kidole, na kwa miaka zaidi ya arobaini hakuna mtu wa idara aliyeona hapo jambo la kuchekesha, wala la kutisha.

Pasi namba mbili ni mashine ya roli, ndefu kama kitanda cha watu watatu. Shuka huingia upande mmoja ikiwa na unyevu na kutoka upande wa pili ikiwa kavu, ya moto kiasi cha kubabua. Wawili hulisha, wawili hupokea. Wapokeaji hushika pembe, hurudi nyuma hatua mbili, hupiga kunjo la kwanza, kisha husogeleana hadi vidole vikutane, na mmoja humwachia mwenzake mzigo. Kwa zamu moja Nyoosha hufanya hivyo zaidi ya mara mia saba. Mwenzake wa shuka ni mama mnene anayeitwa Redio, na sababu ya jina hilo mtu huijua ndani ya dakika mbili.

Kwa miaka ishirini na tisa Nyoosha alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1994, akiwa na miaka kumi na tisa, baba yake alisahau miwani nyumbani na akatuma ujumbe aletewe. Binti akauchukua mkoba wa miwani bila kuufungua, akaenda nao. Njiani kuelekea kwenye boila hakuikuta miwani kwenye mkoba, akarudi nyumbani kuitafuta tena, akaikosa, akaamua kwenda kumwambia baba uso kwa uso. Akapita chumba cha pasi. Akasimama akatazama wanawake wakikunja shuka kama watu wanaocheza, bila kuongea, bila kukosea. Hakumuuliza mtu. Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa wakati huo akasema, "Naomba kazi." Msimamizi akamjibu, "Njoo kesho."

Hadithi hiyo aliitumia kama mtu anavyotumia cheti. Mume wake, kinyozi, akilalamika kwamba aliburutwa kwenye unyozi na mjomba wake, aliambiwa: "Mimi sikuburutwa. Nilijichagulia." Watoto walilelewa nayo. Mkutanoni, kijana mmoja alipothubutu kusema kwamba idara imejaa watu waliobebwa, Nyoosha alisimama akaisimulia yote, na kijana akaomba radhi mbele ya watu.

Jumanne mchana alikwenda kwa baba yake. Mzee ana miaka themanini na mitatu na anaishi kwa mdogo wake Nyoosha. Alimkuta sebuleni kwenye kiti cha plastiki, redio sikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jasho hivyo?"

"Tarehe tisa Machi, sabini na tisa. Unaikumbuka?"

"Ijumaa," mzee alisema bila kusita. "Ulivaa gauni la njano. Ulilia kwa sababu wino haukutoka, nikakufuta kwa mate."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Una miaka minne! Ningekuuliza ungeomba pipi."

"Tulikuwa watoto sita. Kwa nini mimi?"

"Wenzako walikuwa wanaukimbia mvuke, wewe ulikuwa unaukimbilia. Samaki mkunje angali mbichi." Akacheka, akakohoa.

"Mimi si samaki, baba. Na kazi niliomba kwa mdomo wangu. Siku ile ya miwani."

Mzee alizima redio. Watu wa nyumba ile wanasema hajawahi kuizima kwa ajili ya mtu.

"Miwani ilikuwa mfukoni mwangu," alisema. "Nilikuwa nastaafu mwaka ule, na msimamizi alitaka akuone kabla ya kukuita. Nikamwambia, nitamleta bila yeye mwenyewe kujua. Halafu wewe ukaja, ukafungua mdomo, ukaomba! Tulicheka siku nzima. Ningekwambia ili iwe nini? Mtu akidhani kajichagulia, kazi anaifanya kwa moyo. Nawe umeifanya. Sasa hapo nimekosea wapi?"

Nyoosha aliondoka bila kuaga. Nje, kwenye ngazi, alipiga ukuta kwa mkono mbovu, na maumivu yakamfanya akae chini dakika kadhaa. Kuandikwa, anasema, ni jambo ambalo angeweza kulimeza. Baba mwenye watoto sita na mshahara mmoja huandika. Kilichomkaa kooni ni kile kicheko. Miaka ishirini na tisa alivishwa kilemba cha ukoka, akakivaa kazini, akakivaa nyumbani, akawatambia watu nacho.

Kwa mume wake hakupata faraja. "Sasa na mimi?" kinyozi aliuliza, akijaribu kumchekesha. "Mimi nilikuoa mwenyewe, au mama yangu na mama yako walikaa kikao?"

"Kamuulize."

Mama yake kinyozi yu hai na anakaa mtaa wa tatu kutoka hapo. Mpaka leo hajamuuliza.

Jumatano asubuhi Nyoosha alifanya jambo la kitoto, na analisema mwenyewe bila aibu. Aliacha njia aliyoizoea ya kwenda kazini akapita nyingine, ya mbali, kwa hasira tu, ili walau kitu kimoja siku hiyo kiwe chake. Alichelewa dakika kumi. Alipofika getini aligundua kwamba hata njia ile hakuichagua. Ilichaguliwa na hasira, na hasira ilitoka kwa baba. Kumbe hata kukaidi ni kumfuata mtu, ila kwa kinyumenyume. Akajaribu kutafuta katika maisha yake siku moja tu, tendo moja, ambalo hakuna aliyelitengeneza kabla yake. Ndoa? Mtaa aliopanga? Hata ukali wake, ule unaompa jina, ulikuwa wa bibi yake mzaa mama, kila mtu husema hivyo. Alikuwa akitafuta huku mikono inakunja, na kila alichokishika alikuta kina alama ya mkono wa mtu mwingine.

"Dada, hebu tuseme ungeulizwa," Redio alimwambia, wakisogeleana pembe kwa pembe. "Miaka minne hiyo. Ungesema unataka kuwa nani? Rubani?"

"Ningesema hapana."

"Mtoto wa miaka minne husema hapana hata akipewa sukari."

"Basi ingekuwa hapana yangu."

"Mimi niko ukurasa wa 58. Nilikuwa na miaka miwili. Kidole changu kinaonekana kama chawa aliyekanyagwa. Umeona nikikosa usingizi?"

"Wewe usingizi hukosi hata ukiwa umesimama," Nyoosha alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alikaribia kucheka.

Baada ya zamu alikwenda masjala kuomba nakala ya ukurasa wa 41. Alitaka kuibandika ukutani nyumbani kwa baba yake, mahali atakapoiona kila akiinua kichwa. Karani alimdurufia. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Nikutolee na ya ukurasa wa 112?"

Ukurasa wa 112 ni wa mwaka 2008. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, Nyoosha, herufi zilizosimama wima kama askari. Jina la binti yake, kifungua mimba, umri miaka sita. Maneno ni yaleyale. Kidole kilikuwa kikubwa kidogo.

Hakuwa amesahau. Anasema hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote. Aliikumbuka biskuti aliyompa. Alikumbuka mtoto akiuliza, "Hii ni ya nini?" na yeye akijibu, "Ya kazi ya mama. Bonyeza." Alikumbuka yote na hakuwahi kulihesabu kuwa ni jambo. Kila mtu aliandika, na yeye akaandika. Siku mbili nzima alikuwa amembebesha mzee wa watu gunia la dhambi, kumbe la kwake lilikuwa palepale kwenye rafu, kurasa sabini na moja mbele. Ile nakala hakuibandika popote. Aliichana njiani.

Binti yake ana miaka ishirini na mmoja. Alimaliza sekondari, akasomea uhazili mwaka mmoja, na kwa miaka miwili ametuma barua za kuomba kazi. Alhamisi jioni, mama alimkuta jikoni anaosha vyombo.

"Kesho tunakwenda masjala ukafute jina lako."

"Jina gani?"

Mama akamweleza. Binti aliendelea kusugua sufuria.

"Najua," alisema. "Unadhani sijui? Nilikuwa na miaka sita, mama, si miezi sita. Biskuti ilikuwa ya nazi."

"Na miaka yote hukusema?"

"Niseme nini? Nimeandika barua arobaini na tatu. Hakuna hata aliyenijibu kwamba sifai. Mahali pekee duniani wanapolijua jina langu ni pale, na wewe unataka nikalifute."

"Nataka uwe huru."

Sufuria iliwekwa chini kwa kishindo. "Uliniandika bila kuniuliza. Sasa unanifuta bila kuniuliza. Tofauti iko wapi? Rangi ya wino?"

"Usinijibu hivyo. Mimi si rika lako."

"Ndiyo maana nakujibu. Rika langu halijaniandika popote."

"Ile pasi itakula mkono wako kama ilivyokula wangu!"

"Mkono ni wangu."

Kinyozi alikuja mlangoni akiwa na gazeti, akawatazama, akarudi alikotoka.

Kwa mujibu wa daftari, jina la mrithi hufutwa na mrithi peke yake, akiwapo mwenyewe. Ijumaa saa mbili asubuhi binti alikwenda masjala bila kumwambia mtu. Habari zilifika kwenye pasi namba mbili saa tatu kasoro, na aliyezileta, bila shaka, ni Redio, aliyekuwa amekwenda kuchukua sabuni.

"Dada, binti yako kajifuta. Karatasi kaijaza mwenyewe. Halafu unajua kauliza nini? Kauliza nafasi yako ikitangazwa, barua za maombi zinapokelewa dirisha gani."

Nyoosha aliiachia shuka. Ilianguka sakafuni, na ikabidi irudishwe kufuliwa. Walio naye kazini tangu zamani wanasema hawakuwahi kuona hivyo.

Alimkuta binti kwenye korido ya masjala.

"Umefanya nini?"

"Ulichotaka."

"Sikukwambia uitupe nafasi!"

"Sijaitupa. Nitaiomba, kama wengine."

"Wengine wangapi? Unajua ni wangapi huko nje wanaoitaka kazi hii? Watakuja kama siafu!"

"Waje. Jana ulisema niwe huru. Ulitaka niwe huru, au nionekane niko huru?"

"Nilitaka uwe huru kuikataa!"

"Kumbe na uhuru wenyewe una upande wake," binti alisema. Alikuwa amepandisha sauti, maana hasira hiyo ya bibi mzaa mama haikuishia kwa Nyoosha. "Nikiipata, nitajua ni nani aliyeipata. Nikiikosa, pia nitajua. Sasa nenda kazini, mama. Ukiendelea kunifuata hapa watu watasema umekuja kuniombea."

Saa sita mchana msimamizi alimwita Nyoosha ofisini. Ni mtu wa makamo, mpole, naye pia aliingia kwa daftari. Mezani alikuwa na karatasi mbili: fomu ya kustaafu ya Nyoosha, ambayo haikuwa na saini, na karatasi ya binti ya kujifuta.

"Kaa. Mkono unaendeleaje?"

"Upo."

"Huyu mtoto wako ana kichwa. Amekufuata wewe mzimamzima." Aliinua ile karatasi kwa ncha ya vidole. "Hii bado haijagongwa muhuri. Bila muhuri ni ya kufungia karanga. Sasa sikiliza. Wewe saini yako, pumzika, umechoka. Nafasi tutaitangaza, usaili tutaufanya, watu watakuja na mashati yao mazuri. Binti atajibu maswali, tutampongeza. Daftari litabaki lilivyo. Atarudi nyumbani anajua kashinda. Hatajua kitu maisha yake yote. Nani ameumia hapo?"

Nyoosha anasema alitaka kukubali. Hafichi. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alimwona binti akija nyumbani mbio, akivua viatu mlangoni, akisema, "Mama, nimeipata." Alijua hata yeye mwenyewe angejibu nini. Angemtazama mtoto wake akijisifu mwaka baada ya mwaka, na angenyamaza, na kunyamaza huko kungekuwa ndiyo mapenzi. Hasira iliyompanda ilikuwa ya kujionea mwenyewe jinsi jambo lile lilivyo jepesi. Halikuhitaji mtu mbaya. Lilihitaji mtu mpole, mwenye meza, na mama aliyechoka.

"Na hao wa mashati mazuri?" aliuliza.

"Hao ni watu wa nje, Nyoosha."

"Gonga muhuri."

"Fikiri kidogo."

"Nimefikiri tangu Jumatatu mpaka kichwa kinaniuma. Gonga. Nikiwa naona."

Msimamizi akafungua droo, akatoa muhuri, akagonga. Aligonga kwa nguvu kupita kiasi, kama mtu aliyekataliwa zawadi. "Usije ukanilaumu," alisema. Nyoosha akavuta fomu yake, akaitia saini. Kwa kuwa kifundo kilikuwa kimevimba, saini ilipinda, na msimamizi akamlazimisha airudie.

Kama uhuru upo au haupo, Nyoosha hana jibu, na hawavumilii wenye jibu la haraka. Mdogo wake alimwambia kwamba kila kitu kimeshaandikwa. Akamjibu kwamba ndiyo, na anawajua walioandika, mmoja alimfuta kwa mate. "Wanaouzuia nimewaona," anasema. "Nimekaa nao, nimekula nao. Mmoja wao ni mimi. Mtu hazuii kitu ambacho hakipo. Hilo tu ndilo ninaloweza kukwambia, na siwezi kuliapia."

Nyumbani hawasemezani. Mama hajamweleza binti yaliyosemwa ofisini, na binti hajauliza. Akitaka chumvi, mama humwambia mume wake amwambie mtoto wake aisogeze. Binti naye humwomba baba amfikishie mama yake kwamba chumvi imekwisha. Kinyozi anasema ameajiriwa posta bila kuulizwa. Kwa mzee, Nyoosha amekwenda mara moja, akapiga magoti akamsalimia, akakaa robo saa, akaondoka. Safari hii aliaga.

Nafasi ilitangazwa ubaoni Jumatatu, tarehe 12 Juni, na maombi yakafungwa tarehe 20. Barua zilizopokelewa ni sitini na moja. Usaili utafanyika Jumanne, tarehe 27, saa tatu asubuhi, katika bwalo la wafanyakazi, mbele ya wasaili watatu, mmoja wao akiwa msimamizi. Binti ni namba thelathini na nane kwenye orodha. Nyoosha atakuwa kwenye zamu siku hiyo, na zamu yake ya mwisho ni Ijumaa tarehe 30.